Waya Mwekundu wa Jumamosi Kuu

Jumamosi Kuu ya mwaka huu ilianza vizuri kwetu Ruashi, hapa Lubumbashi. Courant, yaani umeme, ilirudi alfajiri, majirani wakakimbilia kupiga pasi nguo za Pasaka, nami nikaenda kazini nikiimba kimoyomoyo sehemu yangu ya besi, kwa kuwa jioni korali yetu ilikuwa na Misa ya Mkesha. Ninaitwa Paulin. Kazi yangu ni mabomba: ninakata shaba, ninaikunja, ninaichomelea. Mambo haya yalimpata Stanislas, mume wa dada yangu Victorine, na kila mtu wa mtaa ameyasikia kwa namna yake. Lakini mwanzo wake ni mimi. Hilo mtaa haukulijua.

Karakana yetu ni ya patron Emery, mtu wa Butembo aliyeanza na malori akaishia na vyuma. Kawaida tunatengeneza vitu vya migodi, pampu na mota. Mwaka huu akapata kazi ambayo hata yeye aliichekea. Kazi ya meli! Huku kwetu hakuna maji ya kuelea hata mtumbwi wa maana, lakini tulipewa kabati la umeme la meli ndogo ya ulinzi iliyoko Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika.

Meli ile inatembea kwa umeme. Jenereta mbili zinatoa umeme, umeme unaingia ndani ya kabati, kabati linaugawa: huu kwa mota zinazosukuma meli, huu kwa redio, huu kwa taa na pampu. Umeme wote huo ndani ya sanduku moja ni moto mtupu. Ndiyo maana nyuma ya kabati kuna sahani nene za shaba zenye vijia ndani, vyembamba kama kidole, na maji safi yanazunguka humo yakibeba joto. Hayo maji safi yanapozwa na maji ya ziwa, lakini hayagusani hata tone. Kila maji yana bomba lake. Sahani na mabomba vilikuwa kazi yangu. Umeme ulikuwa wa Stanislas.

Na kuna kitu kimoja kidogo nataka mkielewe, maana ndicho chenye kesi. Ndani ya bomba kuna kiulimi cha chuma. Maji yakipita, yanakisukuma kinalala. Maji yakisimama, kinainuka na kukata umeme wote kabla kabati halijapika mtu. Ni hicho tu. Kidogo kama kijiko cha chai.

Siku ile tulipaswa kulijaribu kabati kwa saa mbili, bila kusimama, kabla ya kulipakia. Tangi letu la majaribio lilikuwa na maji kidogo, machafu, kwa sababu bomba la mtaa halikutoa kitu wiki nzima. Matope yakakwama kwenye kiulimi. Kila dakika kumi, pa! Umeme unakatika.

Kijana aliyetumwa kutoka melini kulichukua kabati aliitwa Nkandu, mtoto wa mtaa wa Katuba hapahapa mjini, fundi wa mitambo. Alikaa nasi wiki mbili, akala bukari, ugali wetu, nasi, akatufundisha namna yake ya kuongea kwenye kelele: huko melini, akisema, mashini zikinguruma hakuna anayesikia mdomo, kwa hiyo ukitaka maji yafunguliwe unagonga bomba kwa ufunguo mara tatu. Ko, ko, ko. Hata hapa karakana alikuwa akifanya vile.

"Vieux Paulin," aliniambia siku ile akiangalia tangi, "hii maji ya Ruashi iko muchafu kupita ya ziwa. Kule samaki inakunywaka muzuri kuliko siye hapa."

Stanislas alikuwa ameinama ndani ya kabati, armoire kama tunavyoliita. Akatoa kichwa akicheka. "Nkandu, uchunge huyu mwanamuke wa chuma. Hii armoire itakupenda kupita bibi yako. Haitakuachia utoke."

"Bibi sina, yaya Stani."

"Basi njo umeoa leo!"

Tulicheka wote. Wapakiaji walikuwepo, dereva wa lori alikuwepo. Kila mmoja alisikia yale maneno.

Patron Emery akaja na simu mkononi. "Inazima tena? Mara ngapi leo?"

"Mara ya saba, patron," nikajibu.

"Sasa mutafanya namna gani? Camion iko tayari. Chauffeur anakula karanga tangu asubuhi. Mvua ikikamata ile barabara, tutalala Pweto mpaka Pentekoste!"

Nikafanya kile kila mtu wa Lubumbashi angefanya. Nikatia pont. Mji wetu ni mji wa pont: pampu ya maji ikisumbua, unaitia pont, friji ikikataa, unaitia pont. Ni kipande cha waya unachounganisha pande mbili ili mashini iamini kwamba mambo yote ni sawa. Nilichukua waya mwekundu urefu wa kidole, Stanislas akiwa ameenda kujisaidia, nikaruka kile kiulimi. Courant ikakaa. Saa mbili zikapita bila kukatika. Stanislas akarudi, akaona sindano za vipimo zimetulia, akaweka sahihi yake kwenye karatasi. Mimi nikawaza: nitautoa wakati wa kufunga milango. Kisha ikawa haraka, kamba, turubai, kelele, na ikawa saa ya korali.

Niliukumbuka wakati wa Gloria. Kengele zililia, taa za kanisa zikawaka zote, mdomo wangu ukiwa wazi, na pale pale nikauona ule waya kama ninavyoona mkono wangu. Lori lilikuwa limetoka. Niliendelea kuimba.

Lori lilitembea siku tisa. Siku tisa nilikuwa na simu, na namba ya Nkandu ilikuwa ndani ya simu. Niliogopa patron. Niliona haya mbele ya Stanislas. Nikajiambia kule watafungua, wataona, watautoa. Mungu anisamehe, siku ya tisa nilikuwa nimekwisha kusahau.

Nkandu alikufa mwezi wa sita. Walikuwa mbali katika ziwa. Mfuko wa plastiki uliingia kwenye mdomo wa pampu, maji yakasimama, kiulimi kikainuka kama ilivyotakiwa. Lakini waya wangu ulisema mambo yote ni sawa. Kabati likazidi kupata moto mpaka bomba likapasuka, na chumba kile ni kidogo, na mlango wake ni wa chuma. Mvuke. Waliomtoa hawakutaka kuniambia zaidi. Walisema tu kwamba kabla ya kufungua mlango walisikia akigonga bomba. Mara tatu. Na tena mara tatu.

Kwenye kilio, Katuba, wale wapakiaji wakayasema yale maneno. Itakupenda kupita bibi yako. Haitakuachia utoke. Na Stanislas wiki ileile alikuwa amepandisha mabati ya nyumba yake mpya. Mnajua watu. Kabla ya arobaini kwisha, Stanislas alikuwa mulozi, mchawi. Eti alimtoa Nkandu kafara kwa maneno ya mdomo wake, alimuoza kwa chuma, akapata nyumba.

Nilikuwepo pale kwenye kilio. Nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwa Mama Martine, mama wa marehemu. Nilikunywa chai yao. Kila mwezi ninaenda kuungama, na mwezi ule nilienda pia: nilitaja uvivu, nilitaja bia, nilitaja hasira kwa mke wangu. Padri akanipa Salamu Maria tano.

Mwezi wa nane kabati likarudi kwetu. Patron alisema ni lilelile, tulisafishe, tutengeneze sahani mpya, meli inalingoja. Lilikuja limeungua ndani, jeusi. Nilitafuta waya wangu kwa siri. Hakuna. Uliyeyuka na vingine vyote. Nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru, nalisema kama lilivyo.

Mwisho wa mwezi wa tisa, jua la Lubumbashi likawa kali kabisa. Siku moja saa sita mchana wenzangu walikwenda kula, nikabaki peke yangu na sahani mpya ya kwanza. Nilikuwa nimeimaliza asubuhi. Haikuwa imeunganishwa na kitu. Nilikuwa nimeziba ncha zake mbili kwa vizibo, kavu, ili vumbi lisiingie.

Nikasikia maji.

Nilifikiri ni bomba la mtaa. Nikaenda kuangalia: bomba kavu. Nikarudi. Sauti ilitoka mezani. Maji yanayotembea, polepole, ndani ya shaba.

Nikaweka kiganja juu ya sahani. Baridi. Karakana yenye mabati, saa sita, mwezi wa tisa, ambapo huwezi kushika nyundo iliyolala juani. Sahani ilikuwa baridi kama kitu kilichotoka chini ya ziwa. Ilitoa jasho. Matone yalikuwa yakiteleza juu ya shaba na kudondoka.

Kisha kutoka ndani: ko, ko, ko.

Sijui kwa nini nilifungua. Nadhani ni kwa sababu hiyo ndiyo maana yake: fungua maji. Mkono wangu ulitii kabla yangu. Nikazungusha kizibo. Maji yakatoka, ya kijani, yakiwa na harufu ambayo siijui, ya majani na mawe. Yakajaa mezani, yakaloanisha viatu vyangu. Na mwishoni, katika kijia chembamba kama kidole, kitu kikasukumwa nje.

Ndakala. Samaki mdogo, mweupe. Sisi ndakala wanatufikia wakavu, katika mifuko, tunawanunua kwa kopo. Nilikuwa sijawahi kumwona akifungua mdomo.

Sikumwambia mtu. Nilifuta meza.

Wiki iliyofuata Stanislas aliniita. Alikuwa ameshafunga waya zote mpya za kabati kwa mikono yake. Alikuwa amekonda. Hakuna aliyetaka kula naye sahani moja tena.

"Shemeki, kuya uone. Ni nani alitia hii pont?"

Waya mwekundu, urefu wa kidole, palepale, juu ya kiulimi.

"Sijue," nikasema.

Akautoa, akautupa. Kesho yake asubuhi ulikuwepo. Akaukata vipande, akauliza wafanyakazi wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, wote waliapa. Siku ya tatu ulikuwepo tena. Stanislas aliangalia rangi tu. Mimi niliangalia ncha. Ninatumia mkono wa kushoto, na ninaposokota waya, unajikunja upande ambao hakuna mwingine karakana nzima anaukunja. Ncha zile zilikuwa zimejikunja hivyo. Ilikuwa kazi yangu. Na mimi sikuifanya.

Jumapili Victorine akaja kwangu baada ya Misa. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cha kanisa.

"Paulin, kama unajua kintu, sema. Batoto bangu banaitwa batoto ba mulozi ku masomo. Jana mudogo alirudi bila kiatu, balikitupa mu shimo."

"Yaya, miye nijue nini?" nikamjibu dada yangu mkubwa.

"Tangu mutoto, ukidanganya unashikaka sikio," akasema. Akaondoka. Mkono wangu ulikuwa sikioni.

Stanislas alichoka. Akaenda mwenyewe Katuba, mchana, mbele ya watu, kwenye uwanja wa nyumba, parcelle ya Mama Martine. Nilimsindikiza. Ndugu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti, na mjomba wa marehemu, muzee Alphonse, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini, ndiye aliyeongea.

"Siye hatuna fimbo, hatuna panga," alisema. "Mukono yako kama iko safi, ingia mule mutoto wetu aliingia. Saa moja nzima. Mulango ifungwe. Armoire ipate moto yake yote. Ukitoka muzima, hakuna muntu wa huku atafungua kinywa tena."

"Nakubali," akasema Stanislas.

"Apa."

"Kama miye njo niliua Nkandu, ile chumba initafune."

Mama Martine hakumwangalia Stanislas. Alikuwa akiniangalia mimi.

Hapo ndipo ningesimama. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na ulimi. Badala yake nikapiga hesabu ya mwoga: Stanislas hana kosa, kabati ni zima, mabomba ni mapya, atakaa saa moja, atatoka, jina lake litasafika, na mimi sitahitaji kusema. Kumbe nilikuwa namweka yeye mahali pangu.

Siku ya kulipakia kabati, Stanislas alilichunguza asubuhi nzima, na tochi. Hakuna pont. Mimi mwenyewe niliangalia: hakuna. Akafunga milango, akapitisha waya wa chuma, akaubana na plomb, lakiri ya risasi yenye namba. Akasafiri nalo, amelala juu yake kama mtu anayelinda jeneza.

Walikubaliana kufanya jaribio siku ya Jumatano, saa tano na nusu za asubuhi. Muzee Alphonse alikuwa amekwenda Kalemie kushuhudia. Mimi nilikuwa Ruashi, karakana, nikikata bomba la pampu ya mgodi. Jua kali. Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Nilikuwa natulia, hata.

Nikapumzika kunywa maji. Nikaangalia mkono uliobeba kikombe. Mkono wa kushoto.

Chini ya kucha kulikuwa na plastiki nyekundu.

Vipande vidogo. Vibichi. Vile vinavyobaki unapomenya waya kwa kucha bila koleo. Kidole gumba kilikuwa na alama ya shaba, na ncha ya kidole cha pili ilikuwa imechomwa, inatoa damu. Sikuwa nimegusa waya. Wiki nzima nilikuwa nimeshika mabomba tu. Ukutani saa ilionyesha saa sita kasoro robo.

Nikajua waya uko wapi.

Nikapiga simu ya Stanislas. Iliita mara moja. Ikafunguliwa. Nilisikia mngurumo mkubwa wa mashini, na juu ya mngurumo, maji.

"Shemeki!" nikapiga kelele. "Toka! Toka mule! Kuko pont!"

Pumzi tu.

"Stani, unanisikia? Ni miye nilitia. Jumamosi Kuu. Ni miye, si weye. Nkandu alikufa juu ya kosa yangu. Toka!"

Mngurumo ukashuka. Kama mtu aliyefunga mlango. Sauti ikaja, ndogo, karibu sana na sikio.

"Ulikumbuka saa ngapi?"

Nilidhani ni mtandao mbaya. "Stani?"

"Ulikumbuka saa ngapi."

"Wakati wa Gloria," nikasema.

"Camion ilikuwa mu njia siku ngapi?"

"Tisa."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Maji yalitembea. Nikapiga magoti kwenye vumbi la shaba, mchana kweupe, wafanyakazi wakiniangalia. Nilikuwa nalia kama mtoto. Haikuwa sauti ya Stanislas. Nilikuwa naijua. Nilikuwa nimekula bukari na sauti ile.

"Nisamehe," nikasema.

"Rudilia," ikanong'ona. "Toka mwanzo. Polepole."

Nikarudilia. Tangi. Matope. Waya. Korali. Siku tisa. Chai ya kilio. Salamu Maria tano. Yote. Nilipofika mwisho nikasikia mlio mmoja mkavu, kama koleo linalokata kitu chembamba. Kisha simu ikakatika.

Stanislas alitoka mzima. Alinisimulia mwenyewe aliporudi, na muzee Alphonse alithibitisha kila neno. Robo saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha pampu ikasimama, na kabati halikukata. Joto likapanda. Rangi ikaanza kutoa povu. Alisukuma mlango, mlango ulikuwa umevimba. Alipiga kelele, mashini zilikuwa zinanguruma. Akavua shati, akafunika uso, akaanza kusali, akiamini anakufa.

"Halafu baridi ikakuya," aliniambia. "Shemeki, baridi. Zile sahani zilianza kutoa jasho. Na courant ikakatika peke yake."

Walipofungua mlango, waliangalia plomb mbele ya komanda wa meli: nzima, namba ileile. Wakaivunja, wakafungua kabati. Pont ilikuwepo, nyekundu. Ilikuwa imekatwa katikati, safi.

"Na simu yangu?" nikamuuliza. "Tuliongea."

"Simu gani? Komanda alikatazaka simu mule ndani. Yangu ilikuwa mu tiroir ya meza yake, imezimwa."

Nilikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu nikaenda Katuba. Nilimwomba Mama Martine awaite watu wote waliokuwa kwenye kiapo, na Victorine na watoto wake. Nikasimama mbele yao, nikasema. Mtu mmoja alinipiga kofi, sikujikinga. Stanislas hakunipiga. Alitoka nje akaketi kwenye ukingo wa barabara, akiwa ameshika kichwa, na mpaka leo akinisalimia ananiita Paulin, haniiti tena shemeki.

Mama Martine alingoja kelele ziishe.

"Miye nilijua ni weye," akasema. "Siku ya kilio kila muntu alilia. Weye ulikuwa unahesabu mulango iko wapi." Kisha akaongeza, taratibu kabisa: "Batoto ba Victorine, kuanzia leo bakikosa kiatu, ni weye utawabeba ku mugongo mpaka ku masomo."

Ninawabeba. Mdogo ni mzito. Mtaa umeacha kumwita baba yao mulozi. Sasa wananiangalia mimi, na ni haki. Padri alinisikia upya, akanipa malipizi ambayo yatanichukua maisha yangu yote. Nilidhani mambo yamekwisha.

Lakini ile simu ya Jumatano bado imo katika orodha ya simu yangu, na sijamwonyesha mtu ila padri. Inasema nimempigia Stanislas, saa 11:47, na chini yake muda tuliozungumza. Usiku wa Jumatano, muda huo ulikuwa dakika sita na sekunde arobaini. Niliutazama mara nyingi, siwezi kukosea. Niliporudi kutoka Katuba siku ya kuungama mbele ya watu, ulikuwa dakika thelathini na nane. Nilifikiri simu imeharibika. Nikaizima siku nne. Nilipoiwasha, muda haukuwa umesogea. Jioni ile nikamweleza mke wangu jambo lote, taratibu, na nilipotazama tena, ulikuwa umeongezeka kwa muda uleule niliotumia kumweleza.

Nikatoa kadi ya simu, nikaivunja. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Haibadiliki. Nikiongea mambo mengine, inasimama. Nikiongea juu ya Nkandu, inahesabu.

Ndiyo sababu nimeandika, na ndiyo sababu sikuficha hata kile cha kunitia aibu. Leo mchana, baada ya kumaliza, nilifunga mlango nikayasoma maandishi haya yote kwa sauti, peke yangu, simu iko mezani, saa ya ukutani mbele yangu. Nilisoma dakika ishirini. Nilipogeuza simu, muda ulikuwa umeongezeka dakika ishirini na saba.

Nimesoma tena mara mbili nikitafuta nilichoruka. Sijaruka kitu. Hizo dakika saba sijui ni nani aliyekuwa anaongea.